Ghala la Kumbukumbu na Ufunguo wa Lugha: Sanaa za Jamii katika Eneo la Viwanda, Nairobi

Utangulizi

Kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza neno "kiwanda" kuwa ni uga, yaani mahali pa wazi ambapo mafundi walifanyia kazi zao. Mhunzi alivukuta moto wake kiwandani, seremala akapiga randa papo hapo, na mpita njia akaona kitu kikiumbwa toka mwanzo hadi mwisho. Neno "sanaa" nalo lilitoka katika Kiarabu, ambako hadi leo hutumika kutaja utengenezaji wa bidhaa na viwanda vyenyewe. Ni dhahiri basi kwamba Kiswahili hakikuitenga sana kazi ya msanii na kazi ya fundi. Aliyewatenga wawili hao ni mji wa kisasa. Mji huo ulikijengea kiwanda ukuta, ukaweka bawabu getini, na sanaa ukaipeleka kwingineko, kwenye makavazi na kumbi za hoteli.

Katika Eneo la Viwanda la Nairobi, utengano huo umeanza kupungua. Tangu mwanzo wa karne hii, wasanii wamehamia kwenye maghala, wamepiga kambi katika vijia vya Mukuru, na wamewaalika wakazi kuuliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa hadharani: eneo hili ni la nani, na linageuka kuwa nini? Makala haya yanashikilia kwamba kazi hiyo ni ya thamani kubwa na inastahili kuungwa mkono. Hata hivyo, yanadai pia kwamba itabaki nusu kazi mradi kumbukumbu za eneo hilo zinaendelea kuhifadhiwa kwa lugha isiyokuwa ile iliyotumiwa na wavujajasho waliolijenga. Jambo hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko wanavyodhani.

Eneo lililozaa mitaa, mitaa ikazaa lugha

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Kufikia mwaka 1905 makao makuu ya utawala wa kikoloni yalikuwa yamehamishwa kutoka Mombasa hadi kwenye kituo hicho kipya. Karakana za reli ndizo zilizokuwa kiini cha viwanda vya Nairobi, na mpango mkuu wa mji wa mwaka 1948 ukatilia mkazo mgawanyo uliokuwa umeota mizizi tayari: viwanda kusini-mashariki, vikiandamana na reli, na makazi ya wafanyakazi Waafrika upande wa mashariki, mahali pa kuamkia kazi na kurudi kulala. Ndivyo ilivyokua mitaa ya Muthurwa, Makongeni, Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo na Bahati. Msomaji atagundua kwamba majina mengi kati ya hayo ni ya Kiswahili, na baadhi yanasikika Pwani pia. Hata barabara za eneo lenyewe la viwanda, kama vile Likoni na Lunga Lunga, zimebeba majina ya kivuko cha Mombasa na ya mji wa mpakani katika Kwale. Pwani ilisafiri na reli, na lugha yake ikashuka nayo kituoni.

Mfanyakazi aliyetoka Nyanza, Magharibi, Ukambani au Mlima Kenya alihitaji lugha ya kumwelewa mwenzake aliyesimama naye kwenye mashine moja. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Zingatia msamiati wenyewe. Neno "kibarua" linatokana na barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili siku zake zihesabiwe. Neno "kipande" lilitwaa maana chungu chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa ukali baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikimlazimu mwanamume Mwafrika kutembea na hati ya kazi aliyoining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Kuna "mnyapara" aliyesimamia, "posho" iliyogawiwa, "king'ora" kilichoamsha mtaa, "shifti" ya usiku, na "kusimama getini", desturi ya vibarua kungoja alfajiri mbele ya lango la kiwanda wakitumaini kuitwa. Kila neno kati ya haya ni sura ya historia ambayo haijaandikwa ikakamilika.

Lugha hiyo haikuwa ya kazi peke yake. Mnamo mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliasisi muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Mwezi Aprili 1950, katika mkutano uliofanyika Ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh aliwasilisha hoja ya kudai uhuru kamili. Mwezi uliofuata viongozi hao wawili walikamatwa na mgomo mkubwa ukazuka Nairobi. Makhan Singh alizuiliwa hadi mwaka 1961. Kwa hiyo, anayedhani kuwa mitaa ya wafanyakazi ilikuwa mabweni tu ya kulaza nguvukazi anakosea. Ilikuwa shule ya siasa, na neno "uhuru" lilipata uzito wake mwingi katika kumbi kama ule wa Kaloleni.

Fauka ya hayo, ni katika mitaa hiyo hiyo ya mashariki ambamo Sheng ilishamiri. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu chimbuko lake. Alamin Mazrui amelirejesha nyuma hadi miaka ya 1930, ilhali M. H. Abdulaziz na Ken Osinde wamelihusisha na vijana wa mitaa hiyo katika miongo iliyofuata uhuru. Lisilo na ubishi ni kwamba msimbo huo ulikuzwa na watoto wa watu waliofanya kazi kwenye karakana na viwanda.

Mabadiliko yasiyotangazwa

Eneo la Viwanda halijafa. Moshi bado unafuka, malori bado yanafunga barabara ya Lunga Lunga, na vibarua bado wanasimama getini. Hata hivyo, sura yake inabadilika. Ulegezaji wa masharti ya biashara katika miaka ya 1990 ulifungua milango kwa bidhaa kutoka nje, zikiwemo nguo za mitumba, na viwanda vingi vya nguo nchini vikayumba au vikafungwa. Mwaka 2014 kampuni ya Cadbury ilifunga kiwanda chake cha Nairobi. Mwaka 2016 Sameer Africa nayo ikaacha kutengeneza magurudumu ya magari jijini. Wawekezaji wengine wamehamia Athi River na kwingineko nje ya jiji ambako ardhi ni nafuu zaidi. Maghala yaliyobaki wazi yamekuwa makanisa, vyumba vya kuuzia magari, na bohari za bidhaa zilizotengenezwa ng'ambo. Tangu mwaka 2017 abiria wa reli ya kisasa ya Mombasa hushukia Syokimau, na tangu mwaka 2022 mwenye haraka na pesa huupita ukingo wa eneo hilo kwa barabara ya juu bila kuliona.

Mabadiliko kama haya huja bila tangazo. Hakuna siku ambayo serikali ilisimama na kusema kwamba enzi moja imekwisha. Mashine huuzwa kama vyuma chakavu, ukuta hupakwa rangi mpya, na mzee aliyefanya kazi hapo miaka thelathini hurudi kijijini na kitambulisho cha kampuni ambayo haipo tena. Pengo hilo kati ya kubadilika kwa mahali na kukiri kwamba pamebadilika ndilo ambalo sanaa za jamii zimejaribu kuliziba.

Ghala lageuka ukumbi

Mwaka 2003 kituo cha sanaa cha GoDown kilifunguliwa katika barabara ya Dunga, ndani ya jengo lililokuwa ghala na karakana ya magari. Kwa mara ya kwanza, wachoraji, wachongaji, wacheza ngoma, wanamuziki na waigizaji walipata paa moja katikati ya viwanda. Miaka michache baadaye Ketebul Music, chini ya uongozi wa Tabu Osusa, ilianza kurekodi na kutafiti muziki wa Kenya kutoka hapo hapo, ikiwemo historia ya benga. Mahali palipokuwa pa kukarabatia magari pakawa pa kukarabatia kumbukumbu.

Jina la kituo hicho linastahili kutupiwa jicho. Neno la Kiingereza lililozaa jina hilo lilitoka katika lugha za Asia, na chanzo chake husemwa kuwa neno la Kimalei lenye maana ya ghala. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi ndio waliolisambaza. Ghala, basi, ni wazo la bahari ile ile iliyokilea Kiswahili. Swali ni je, ghala hili jipya limehifadhi nini, na ufunguo wake anao nani?

GoDown yenyewe ilijaribu kulijibu swali hilo. Katika muongo wa 2010 ilianzisha tamasha la Nai Ni Who?, ambamo mitaa mbalimbali ya Nairobi ilipewa zamu ya kujieleza. Wakazi wenyewe waliwaongoza wageni kwa miguu, wakawaonyesha majumba, masoko, kumbi na vichochoro, na wakasimulia. Jina la tamasha ni somo la isimujamii katika maneno matatu: la kwanza ni Sheng, la pili ni Kiswahili, la tatu ni Kiingereza. Aliyelibuni alielewa kwamba mji huu haujiulizi maswali kwa lugha moja. Aidha, kituo hicho kilibuni mpango wa kujijenga upya kwa ushirikiano na wasanifu majengo kutoka Uswidi, kwa nia ya kulifungua eneo hilo kwa jamii badala ya kulizungushia ukuta. Hapo ile maana ya kale ya kiwanda, yaani uga ulio wazi, inarejea bila wenyewe kukusudia.

Wajukuu wa wavujajasho

Mfano wa pili uko ndani zaidi. Mwaka 2004 vijana wa Lunga Lunga, katika makazi ya Mukuru yanayopakana na viwanda, waliunda kikundi cha sanaa walichokiita Wajukuu. Hawakungoja jengo. Walijenga studio kwa mabati, wakaanza kuchora, kuchonga na kuwafundisha watoto wa mtaa. Mmoja wa waasisi wake, Shabu Mwangi, anajulikana kwa picha zinazoonyesha miili na nyuso zilizobanwa na maisha ya mji. Vifaa vya kikundi vimetokana na mazingira: mabati, vyuma chakavu na masazo ya kazi za wengine.

Mwaka 2022 Wajukuu walialikwa kwenye maonyesho ya documenta ya kumi na tano mjini Kassel, Ujerumani. Huko waliuvalisha mabati mlango wa ukumbi mmoja mkubwa, hivi kwamba kila aliyeingia alilazimika kupita kwanza katika njia ya giza iliyokumbusha vijia vya Mukuru na nyumba za jadi za Wamaasai. Waandalizi wa maonyesho hayo, kundi la ruangrupa kutoka Indonesia, waliyajenga juu ya wazo la ghala la mpunga linalomilikiwa na kijiji kizima, ambamo kila mmoja huweka ziada yake kwa matumizi ya wote. Kwa mara nyingine wazo la ghala lilijitokeza, na safari hii masharti yake yalikuwa wazi: ghala la jamii ni lile ambalo jamii yenyewe inaweza kulifungua.

Jina "Wajukuu" nalo lina uzito wake. Halikuchukuliwa katika mtindo wa kigeni. Linataja uhusiano wa damu na wajibu. Mjukuu ndiye hutumwa, ndiye huulizwa vitendawili, na ndiye hurithi masimulizi ambayo mtoto aliyetingwa na kazi hakupata nafasi ya kuyasikia. Nairobi ya viwanda sasa ina wajukuu wake. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba masimulizi yanawafikia kwa lugha waliyopewa jina hilo.

Lugha iliyoachwa getini

Hapa ndipo penye kasoro. Tembelea maonyesho mengi ya sanaa jijini, na mtindo utakuwa ule ule. Mazungumzo ya wasanii wakati wa kazi ni ya Kiswahili na Sheng. Mahojiano na wazee hufanywa kwa Kiswahili. Vicheko, utani na ugomvi vyote ni vya Kiswahili. Kisha unafika wakati wa kuandika, na lugha hubadilika. Ombi la ufadhili, katalogi, kibao kilichobandikwa kando ya picha, ripoti ya mwisho: vyote hivi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Sababu si siri. Wafadhili wengi ni wa nje, na anayelipa zumari ndiye huchagua lugha ya kusifiwa.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mzee aliyesimulia maisha yake ya getini hawezi kuyasoma yalipoandikwa. Amegeuzwa kuwa malighafi. Simulizi lake limechukuliwa likiwa ghafi, likasindikwa kwingine, na likarudishwa kwa umbo na bei asiyoimudu. Huo ndio uliokuwa uhusiano wa kiwanda cha kikoloni na mkulima wa pamba, na ni kinaya kwamba unarudiwa katika sanaa inayodai kuukosoa. Pili, msamiati hupotea. "Kusimama getini" kukishatafsiriwa kuwa kutafuta ajira, ile alfajiri, ule msukumano, na ile aibu ya kurudi nyumbani mikono mitupu huwa vimefutwa.

Kenya ina mfano bora wa kinyume cha hali hii, nao haukuanzia Nairobi. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi, wakiwemo wa kiwanda cha viatu kilicho karibu, walishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, lugha waliyoiishi. Washiriki walisahihisha mazungumzo ya wahusika kwa sababu waliijua lugha ya kazi kuliko waandishi. Serikali iliipiga marufuku tamthilia hiyo mwezi Novemba mwaka huo huo, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji ukabomolewa. Dola haikuogopa jukwaa. Nairobi ilikuwa na majukwaa mengi yaliyotumia Kiingereza na hayakubomolewa. Iliogopa jukwaa lililoeleweka. Tamthilia hiyo ilitafsiriwa baadaye kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda, na somo lake bado ni lile lile: sanaa ya jamii huwa na nguvu pale ambapo jamii inaweza kuisahihisha.

Kisichosimuliwa hakitetewi

Huenda msomaji akauliza kama haya yote si mzozo wa wasomi kuhusu vibao vya ukutani. La hasha. Mnamo mwaka 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi iliitangaza Mukuru, yenye takriban kaya 100,000 katika Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalumu la mipango. Wakazi walishirikishwa kuandaa mipango ya barabara, maji na makazi. Ilhali mwishoni mwa mwaka 2021 maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao ili kupisha ujenzi wa barabara. Katika mizozo kama hiyo, swali linaloamua mengi ni kama watu walio mahali fulani ni wenyeji au ni wavamizi. Hatimiliki za ardhi hujibu kwa njia moja. Historia hujibu kwa njia nyingine, ikiwa ipo mahali inapoweza kusomwa na hakimu, diwani, mwanahabari na mkazi mwenyewe.

Johannesburg inatoa onyo. Tangu mwaka 2009 maghala ya zamani ya upande wa mashariki wa katikati ya jiji hilo yaligeuzwa studio, maduka, migahawa na makazi, na eneo likaitwa Maboneng, neno la Kisotho lenye maana ya mahali pa mwanga. Sifa zake zilienea duniani. Lakini wakosoaji walieleza mapema kwamba mwanga huo uliwamulika wanunuzi wapya huku maskini wa majengo jirani wakisukumwa gizani. Mwaka 2019 majengo mengi ya kampuni iliyouanzisha mradi huo yalinadiwa. Jina la lugha ya wenyeji lilikuwepo mlangoni. Sauti zao hazikuwa na kauli ndani. Mtaa wa viwanda unaweza kupambwa kwa sanaa na papo hapo ukawatema waliouishi. Kinachoweza kupunguza hatari hiyo ni wakazi kuwa wasimulizi wenye kauli, na kauli hiyo haiwezi kuwa kwa lugha ya mkalimani.

Pingamizi tatu

Wapo watakaosema kwamba picha haina lugha. Hoja hii ina chembe ya ukweli, kwani mabati ya Wajukuu yalieleweka Kassel bila kamusi. Hata hivyo, picha haiingii ulimwenguni peke yake. Huja na anwani, maelezo, mjadala na somo la darasani, na hivyo vyote ni lugha tupu. Aidha, programu za utambulisho wa mtaa hutegemea usimulizi kuliko rangi.

Wengine watadai kwamba wakazi wa Viwandani huzungumza Sheng, na kwamba kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni kulinda usanifu. Mgala muue na haki mpe: msimbo huo una kanuni zake na haufai kuandikiwa mtihani wa insha. Lakini mtafiti wa fasihi simulizi hakatai methali kwa sababu imetamkwa kwa lahaja. Huinakili jinsi ilivyo, huifafanua kwa Kiswahili kinachoeleweka Lamu na Busia, na huihifadhi. Kuitupa simulizi ya mfanyakazi kwa sababu alichanganya ndimi ni kumwadhibu kwa historia aliyoletewa.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: watu wa Mukuru wanahitaji maji, vyoo na ajira, si sanaa. Hakuna anayeweza kubisha kuhusu mahitaji hayo. Ila ikumbukwe kwamba wafanyakazi waliokusanyika Kaloleni mwaka 1950 walikuwa na njaa pia, na bado walihitaji ukumbi, maneno na masikio ya kuyasikiliza ili madai yao yawe na umbo. Mtu hudai haki kwa ukamilifu anapoweza kueleza ametoka wapi.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Ni rahisi kuwalaumu wasanii na wafadhili. Ukweli ni kwamba idara za Kiswahili nazo hazijafika getini. Katika kozi za fasihi simulizi, "nyanjani" kumezoeleka kumaanisha mashambani: kwa bibi mwenye hekaya, kwa manju wa ngoma, kwa wazee wa mila. Kazi hiyo ni muhimu na isiachwe. Lakini mpiga mtambo mstaafu wa Makongeni ana visasili vyake, nyimbo zake za kazi, misimu yake na majina ya utani ya wanyapara wake, na umri haumngoji mtafiti.

Fasihi andishi nayo inadai deni. Makuli wa bandari ya Zanzibar wana Kuli ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1979. Mapambano ya wanyonge wa huko yana Dunia Mti Mkavu ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980. Vibarua wa mashamba ya kikoloni nchini Kenya wana Kilio cha Haki, tamthilia ya Alamin Mazrui ya mwaka 1981. Mwanafunzi akiulizwa ataje riwaya ya Kiswahili ambayo uti wake wa mgongo ni maisha ya Eneo la Viwanda la Nairobi, huenda akasita muda mrefu. Pengo hilo ni fursa kwa waandishi chipukizi wanaolisoma jarida hili.

Mapendekezo yanayotokana na hoja hizi si ya gharama kubwa. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kujitolea kuandika na kuhariri maelezo ya Kiswahili kwa maonyesho ya jamii, ili kila kibao kiwe na lugha mbili na Kiswahili kiwe cha kwanza. Idara zinaweza kukubali tasnifu na miradi ya shahada ya kwanza inayokusanya msamiati wa kazi za viwandani, neno baada ya neno, pamoja na masimulizi yaliyouzaa, hadi faharasa kamili ipatikane. Rekodi za mahojiano zinazofanywa na vituo vya sanaa ziwe na nakala za Kiswahili, na nakala hizo zirudishwe kwa waliosimulia na kwa shule za mitaa yao kabla ya kupelekwa kwingine kokote. Wahadhiri nao wanaweza kuwaalika wasanii wa Lunga Lunga darasani wakiwa wataalamu wa mazingira yao, si vielelezo vya umaskini. Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha saba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi huo utabaki maandishi mradi programu ya sanaa inaweza kufanywa katikati ya wazungumzaji wa Kiswahili bila kubakiza ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Hitimisho

Programu za sanaa katika Eneo la Viwanda zimethibitisha kwamba ghala tupu linaweza kuhifadhi kitu cha thamani kuliko bidhaa. GoDown ililigeuza swali la utambulisho kuwa matembezi ya hadharani. Wajukuu wameonyesha kwamba mabati ya Mukuru yanaweza kusema mbele ya ulimwengu. Yote mawili yamefanywa na wasanii, kwa jasho lao, mara nyingi bila mchango wa wale ambao lugha ndiyo taaluma yao.

Waliojenga viwanda hivyo walikula kiapo cha mgomo, wakaimba, wakatukanana na wakafariji wafiwa kwa Kiswahili. Wengi wao wamekwisha kustaafu, na wengine wamezikwa mbali na Nairobi. Walio hai bado wanapatikana: Kaloleni, Viwandani. Safari ya kutoka chuo kikuu chochote cha jijini hadi kwao ni nauli ya matatu moja au mbili, na vifaa vinavyohitajika ni daftari, kinasasauti na muda wa kusikiliza. Muhula ujao wa utafiti wa nyanjani uanzie huko.